Maziwa Hayapendi Habari Mbaya

Muhima, Kigali
16 Oktoba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, tarehe kumi na sita Oktoba, nami naanza kutimiza uliyoniagiza kabla sijapanda lori: niwe macho yako huku. Naapa nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo mtu mzima angeyaruka.

Kwanza lililo kubwa. Dada Mukunde alijifungua mtoto wa kike Alhamisi tarehe sita. Shemeji Gakwaya alimshika mkono mpaka barabarani, tukapata gari la wanajeshi likatufikisha hospitali. Wazazi walikuwa wengi na mkunga mmoja. Mtoto alilia mara moja tu kisha akalala. Mkunga akamwangalia akasema, "Huyu amechoka kama mgeni aliyekuja kwa miguu." Dada hakushonwa, na damu haikuzidi.

Nyumba tunayokaa ina vyumba viwili na uwanja mdogo nyuma. Mlango hauna kitasa, tunaufunga kwa kamba. Wenyewe hatuwajui, na majirani hawasemi. Nyumba ya kulia haina mtu. Ya kushoto anakaa mama mmoja anaitwa Nyirarukundo, ambaye alikuwa hapa wakati wote wa mauaji. Ana watoto wawili anaowalea ambao si wake. Sijamuuliza ni wa nani.

Siku ya nane tulimtoa mtoto nje apewe jina. Ungekuwapo, Mama. Shemeji alizunguka mtaa mzima akitafuta watoto wa kula chakula cha jina, akarudi na wale wawili wa Nyirarukundo na mwingine aliyeokotwa njiani akirudi kuteka maji. Walikula maharagwe na viazi katika ungo mmoja kama desturi inavyotaka, kisha wakaulizwa mtoto aitwe nani. Wa kwanza akasema aitwe Kiazi. Wa pili akasema aitwe Basi. Yule wa maji alifikiri sana, akasema aitwe jina la mama yake, lakini hakulitaja. Shemeji akasema, "Basi ataitwa Umuhoza." Wewe unajua maana yake, mwenye kufariji.

Sasa habari ya kunyonya na kulala, maana najua ndiyo unayoitafuta katika barua hii. Umuhoza analala mchana kutwa, na jua likizama ndipo anafumbua macho. Akipewa titi ananyonya kidogo, anasinzia, linamtoka mdomoni. Titi la kushoto la Dada limepasuka, na mtoto akilishika Dada anauma pindo la kitenge.

Nimechukua hatua. Katika somo la sayansi kimu tulifundishwa kwamba mtoto huzoea kile anachozoeshwa. Kwa hiyo nimeandika ratiba, nikaibandika ukutani: kunyonya, kucheua, kulala, kila jambo na saa yake. Akilia kabla ya saa yake tunamwacha ili asidekee. Shemeji ananiita Mwalimu Mkuu. Juzi alisimama mbele ya ratiba kama mwanafunzi aliyechelewa namba, akasema, "Mwalimu Mkuu, naomba ruhusa ya kumbeba mwanangu, au ni kipindi cha kulala?" Dada alicheka mpaka akashika tumbo. Nilifurahi, kwa sababu hacheki sana siku hizi.

Ulisema utakuja akishajifungua. Dada anauliza kila siku. Bibi hajambo? Mwambie nimeviona vilima vyake.

Mwanao,
Kaliza

*

Karagwe
24 Oktoba 1994

Mwanangu Kaliza,

Marahaba. Dereva Révérien aliileta barua yako ndani ya kofia. Imelowa jasho lake lakini inasomeka. Kila atakapopakia maharagwe kuja Kigali nitampa yangu, nawe mpe yako anaporudi. Posta tusiihangaikie.

Nimefurahi mpaka nimekosa mahali pa kukaa. Mpe Mukunde hongera zangu zote. Anywe uji wa mtama asubuhi na jioni, hata kama hana hamu. Asiinue ndoo. Hilo titi lililopasuka alipake maziwa yake mwenyewe akimaliza kunyonyesha, aliache lipate hewa.

Ratiba yako imenichekesha, usikasirike. Mtoto wa siku chache hajui kusoma ukuta. Wewe ulinyonya ulipotaka, sokoni, shambani, hata kanisani padri akihubiri, na hujawa mwizi. Mwangalie mtoto, usiiangalie saa. Lakini niko mbali, wewe ndiye unayemwona.

Sasa haya yafuatayo soma peke yako. Ukimsomea dada yako, ruka.

Bibi ameanguka. Aliteleza mlangoni akitoka kuota jua, na tangu siku hiyo hasimami. Anaongea kidogo sana. Nilimwambia jina la mtoto sikioni. Akasema, "Tena." Nikalisema tena. Ndiyo sababu sijaja.

Mukunde asijue. Unajua desturi yetu: mwanamke anayenyonyesha hapelekewi habari ya ugonjwa wala ya msiba mpaka mtoto akaze shingo. Maziwa hayapendi habari mbaya. Yakiisikia yanarudi yalikotoka. Bibi mwenyewe alifichwa kifo cha kaka yake nilipokuwa nanyonya, akaja kuambiwa nimeota meno.

Na wewe usinifiche. Mtoto akiwa na shida niambie, nitamwacha Bibi kwa mama yake rafiki yako Gahongayire nije mara moja. Asipokuwa na shida, nitabaki, maana Bibi akiamka ananitafuta kwa macho.

Mama yako,
Xavérine Mukantwari

*

Muhima, Kigali
1 Novemba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Nilimsomea Dada, nikaruka pale uliponiambia niruke.

Umuhoza hajambo kabisa. Ananyonya vizuri na analala vizuri. Dada hajambo. Shemeji hajambo. Mvua imenyesha.

Usije, Mama. Kaa na Bibi. Mwambie apone.

Mwanao,
Kaliza

*

Muhima, Kigali
1 Novemba 1994

Mpenzi Gahongayire,

Habari za huko? Bado unakalia dawati letu peke yako au umeshampa mtu nafasi yangu?

Leo nimeandika barua mbili. Ya Mama ni fupi na ni ya uongo. Hii ndiyo ya kweli, na ukimwonyesha mtu sitakusemesha mpaka tuwe bibi.

Mtoto wa Dada anakonda, Gaho. Jana tulimpeleka zahanati kupimwa. Sindano ya mizani ilisimama chini ya pale iliposimama siku aliyozaliwa. Nesi ni mtu wa kwetu aliyekulia Bujumbura, anaongea Kiswahili cha huko, haraka haraka. Alimvua mtoto nguo, akamvuta ngozi ya paja, ikabaki imekunjamana. Akaniuliza, "Ananyonya mara ngapi?" Nikamtajia ratiba yangu yote kwa fahari. Akasema, "Na usingizi ukimshika kwenye titi?" Nikasema tunamlaza, kwa sababu kipindi kimekwisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wiki nne nampa. Kila wiki mumlete. Asipopanda, atalazwa hospitali alishwe kwa mpira wa puani. Na kule, binti, watoto wadogo wanaambukizana magonjwa. Sipendi aende."

Niliibandua ratiba siku hiyohiyo. Lakini sasa hata tukimpa titi bila ratiba hafanyi bidii. Ameshazoea kulala na njaa. Mimi ndiye niliyemzoesha.

Jambo la pili ni Dada. Tangu niliposoma barua ya Mama ananyonyesha ameelekea ukutani. Nikimsemesha ananijibu, "Ndiyo," "Hapana," "Weka hapo." Nadhani ni maumivu ya titi. Shemeji naye jana alileta maziwa ya ng'ombe katika chupa ya soda. Akasema, "Sisi ni watu wa ng'ombe, mtoto wetu afe njaa kwa sababu gani?" Nikamwambia nesi amekataza, tumbo lake bado. Akasema, "Mwalimu Mkuu, ulikataza asibebwe, sasa unakataza asinywe. Utakataza na kupumua?" Kisha akaona nimekaribia kulia, akayanywa yeye mwenyewe pale pale, akajifuta mdomo, akasema, "Haya. Yamekwisha. Tafuta njia."

Mama aliandika kwamba nikimwambia mtoto ana shida atamwacha Bibi aje. Bibi hasimami. Siwezi kumwita mtu atoke kwa mama yake katika hali ile. Kwa hiyo nisaidie wewe. Mama yako amelea watoto wanane. Muulize, lakini usiseme ni kwa ajili ya nani. Sema ni swali la shule.

Rafiki yako,
Kaliza

*

Karagwe
12 Novemba 1994

Kwako Kaliza, mwongo wa Kigali,

Salamu sana. Nafasi yako nimevipa vitabu vyangu, vimekaa vizuri na havinisumbui kwa maswali kama wewe.

Nilimuuliza mama nikasema ni swali la shule. Akasema, "Shule gani inayouliza titi?" Akanishika sikio. Sikusema, lakini nadhani amejua. Kisha akaeleza huku anamenya ndizi, nami nikakimbia kuandika kabla sijasahau.

Anasema mtoto anayelala na njaa si mtulivu, amekata tamaa. Mwamsheni. Mvueni nguo abaki na nepi, awekwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kitenge kiwafunike wote wawili. Hapo atasikia harufu ya maziwa akiwa usingizini. Akilamba midomo au akigeuza kichwa kama kifaranga, apewe titi palepale. Msingoje kilio, kilio ni njaa iliyochelewa. Mdomo ukamate na ule weusi unaozunguka, siyo ncha tu, maana ncha ndiyo inayopasuka. Akisinzia, mkune unyayo, mbadilishe upande. Anasema ziwa ni kama kisima cha kuchimba, likichotwa mara nyingi ndipo linapojaa.

Na mama yake asiachwe peke yake na mawazo. Hilo mama alilirudia mara mbili, akaacha kumenya ndizi akanitazama.

Habari za huku nitaandika za shule tu. Mama yako ameniomba hivyo, nami nimemwahidi, usiniulize. Mwalimu wa hesabu ameoa. Kwaya yetu imepata ngoma mpya. Mvua imeng'oa bati la darasa la pili.

Kaliza, jitunze. Ule vizuri.

Mimi wako,
Gahongayire

*

Karagwe
13 Novemba 1994

Mwanangu Kaliza,

Nimeshukuru kusikia mtoto ananyonya na kulala. Umenipunguzia mzigo. Mungu akuzidishie.

Bibi yuko vizuri. Maumivu yamekwisha. Anakula vizuri, anasifu hata ugali. Anawasalimu nyote, hasa Mukunde.

Lakini siwezi kuja bado. Siwezi kumwacha Bibi peke yake katika nchi ya watu. Utanielewa ukiwa mkubwa.

Ng'ombe mweupe amezaa ndama dume. Mwambie Mukunde asiache uji.

Mama yako,
Xavérine Mukantwari

*

Muhima, Kigali
27 Novemba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu, kaa chini uisome. Barua yangu iliyopita haikuwa na neno la kweli isipokuwa mvua. Nilikuandikia mtoto hajambo wakati alikuwa amepungua chini ya uzito wa kuzaliwa na nesi ameshasema neno la kumlaza hospitali. Nilificha ili usimwache Bibi. Sasa nakueleza yote kwa mpangilio.

Révérien alikuja Ijumaa tarehe kumi na nane. Alisimama pale langoni, akavua kofia, na badala ya kunipa barua kwanza akanishika mkono kwa mikono yote miwili akasema, "Poleni sana na msiba." Nikamuuliza msiba gani. Akasema, "Wa bibi yenu. Tulimzika Jumapili ya kwanza ya mwezi. Watu walijaa mpaka barabarani." Nadhani niliegemea ukuta. Akaniona, akashika kinywa. Akasema, "Mama yako alinikataza nisimwambie mzazi. Hakunikataza nisikwambie wewe. Wewe si mzazi!" Nikamwambia hajakosa. Masikini alirudi kwenye lori bila hata kunywa maji.

Nilifungua barua yako palepale langoni. Nikasoma kwamba Bibi yuko vizuri na anasifu ugali.

Sikukasirika, Mama. Nilijua ulikuwa unalinda maziwa. Kwa hiyo na mimi niliyalinda. Niliosha uso kwa maji ya mtungi, nikaingia ndani, nikamsomea Dada barua yako yote kwa sauti nzuri, bila kuruka neno, maana safari hii hapakuwa na la kuruka. Aliniangalia muda wote. Nilipofika kwenye salamu za Bibi, akasema, "Ahsante," akageukia ukuta.

Kuanzia siku ile tulimlea mtoto kwa namna nyingine. Gahongayire alikuwa ameniletea maelekezo ya mama yake. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba. Tulimvua mtoto nguo tukamlaza kifuani kwa Dada, kitenge juu yao. Mwanzoni hakujua la kufanya. Alilala tu, shavu limebonyea kwenye titi. Niliketi karibu kumtazama mdomo kama mtu anayevizia maji yachemke. Akilamba midomo nasema, "Sasa!" na Dada anampa. Akisinzia namkuna unyayo. Alinipiga teke, nikashangilia, kwa sababu kabla ya hapo hakuwa na nguvu ya teke.

Kulala kulibaki tatizo. Alikuwa bado anageuza usiku kuwa mchana, na Dada alikuwa na macho mekundu. Hapo Nyirarukundo ndiye aliyesema. Yeye hupita kila siku kutuletea moto wa kuwashia, hasemi zaidi ya salamu. Siku hiyo aliingia, akaona tumefunga dirisha na kuning'iniza shuka ili mtoto apate utulivu. Akaweka kaa chini akasema, "Hii nyumba iko usiku siku yote. Mtoto atajua mchana namna gani? Lete yeye nje. Iko watu nje." Nikasema nje kuna makelele. Akasema, "Makelele ni ya mchana. Acha asikie. Mtaa huu ulikaa kimya sana."

Kwa hiyo tukatandika mkeka nyuma ya nyumba. Asubuhi Umuhoza analala pale huku Nyirarukundo anachagua maharagwe, wale watoto wawili wanapigana, na fundi wa baiskeli wa jirani anagonga chuma. Kila akifumbua macho ananyonya. Nikichoka kumtazama namfunga mgongoni kwa mbeleko, nami naendelea na kazi, na najua ulivyocheka ratiba yangu ulikuwa na haki. Jua likizama tunaingia ndani, taa tunaiweka chini kabisa, hatumsemeshi wala kumchezesha. Ananyonya gizani na kulazwa. Usiku wa kwanza alishangaa kwamba hakuna mtu wa kuongea naye, akalalamika mpaka Shemeji akamwambia, "Hata mimi hawaniongeleshi, mwanangu, lala." Siku baada ya siku akaanza kuelewa.

Jumatatu tulimpima. Sindano ilisimama palepale pa wiki iliyopita. Nesi akasema, "Hajapanda, lakini ameacha kushuka. Imebaki wiki moja." Mimi nilitaka kufurahi. Dada alimfunga mtoto mgongoni, akatembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka.

Sasa, Mama, haya ndiyo ya muhimu.

Siku iliyofuata, mchana, Dada alikuwa kwenye mkeka na mtoto kifuani, na mimi naanua nguo. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza sabuni iko wapi, "Bibi alifariki lini?"

Nikasema, "Nani amekwambia?"

Akasema, "Mama. Ameandika Bibi anasifu ugali. Bibi yupi? Yule aliyemwambia padri kwamba ugali wa parokia unafaa kuziba ukuta?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na kicheko hakikuisha vizuri, kikageuka. Dada akasema alikuwa anajua Bibi ni mgonjwa tangu ile barua ya Oktoba, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanasoma zaidi ya mdomo wangu. Akanyamaza ili mimi nisijue kwamba amejua. Ndiyo maana alikuwa anaelekea ukutani. Alikuwa analia, nami nilikuwa napaka titi lake maziwa nikidhani ndilo linalouma.

Nikamwambia yote aliyosema Révérien, Jumapili ya kwanza, watu mpaka barabarani. Nikamwambia Bibi alilisikia jina la mtoto, na kwamba alitaka lirudiwe. Dada akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu aliye nyumbani kwake. Nyirarukundo aliacha maharagwe, akaja akakaa upande wake mwingine. Hakuuliza ni nani. Alimshika bega tu, na baada ya muda naye alikuwa analia, na sikuhitaji kuuliza ni kwa ajili ya nani.

Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Nilikuwa naogopa, Mama. Nilikuwa nangoja kuona maziwa yakikatika mbele ya macho yangu, kama ulivyoandika. Umuhoza alikuwa ameshika titi la kulia. Hakuliacha. Alivuta, akameza, akavuta, akameza, mpaka nikawa nalisikia koo lake. Na upande wa kushoto, ambao hakuna aliyeugusa, maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe yakalowesha kitenge mpaka kwenye mkeka. Dada aliangalia chini, akaona, akasema huku analia, "Angalia sasa. Yanakwenda wapi haya?" Nyirarukundo akasema, "Geuza mtoto haraka, yanamwagika." Tukamgeuza.

Sijui desturi inasemaje juu ya hilo. Mimi nakuandikia nilichokiona.

Tangu siku ile Dada haelekei ukutani. Ananyonyesha akitazama uwanja, na anatusimulia habari za Bibi, hata zile za aibu. Kidonda cha titi kimefunga. Nesi alikuwa ametuambia tusingoje Jumatatu tukiwa na wasiwasi, kwa hiyo jana, Jumamosi, hatukuweza kungoja. Sindano imepita pale pa siku ya kuzaliwa. Imepita kidogo tu, lakini imepita. Nesi aliitazama mara mbili, akamwambia mtoto, "Wewe, umeniogopesha." Akatuambia tuendelee hivihivi, tusibadilishe kitu, na neno la hospitali limefutwa.

Shemeji amehamishiwa kazi Butare kuanzia Januari, atakuwa anarudi mwisho wa mwezi tu. Na kuna habari nyingine: Masista wameanza kuandikisha wasichana wa sekondari. Nimeandikisha jina langu. Sikukuuliza kwanza, nisamehe. Natamani sana kusoma. Lakini nikiwa darasani, Dada atabaki peke yake na mtoto ambaye bado hajakaza shingo. Tumeona mara hii jinsi anavyokuwa akibaki peke yake.

Uliandika huwezi kumwacha Bibi peke yake katika nchi ya watu. Mimi nilidhani unasema mgonjwa. Dada ndiye aliyenieleza kwamba ulikuwa unasema kaburi. Aliniambia nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Mama, Bibi ameishi Karagwe miaka mingi kuliko aliyoishi Rwanda. Anawajua wote, amegombana nao wote. Hayuko peke yake. Mimi ndiye niliye katika nchi ya watu."

Hatuna la kukuficha tena, na tunakuomba nawe usitufiche. Kama bado una siku za msiba za kumaliza, tuambie, tutangoja. Kama unaogopa kuiona nchi hii baada ya miaka yote hii, tuambie pia. Mimi niliogopa, na bado kuna njia ninazozikwepa. Lakini asubuhi nyuma ya nyumba kuna jua, na kuna nafasi kwenye mkeka.

Révérien anakuletea barua hii mwenyewe. Atalala Karagwe siku mbili akipakia maharagwe, kisha anarudi Kigali. Nimemwomba kiti cha mbele, karibu naye, asimpe mtu mwingine. Amekubali. Mama, utapanda?

Mwanao,
Kaliza